Uliza Fundi: Wayland au X11 kwenye gemu? Anza na kadi yako

Wadau wa Arusha na Moshi safari hii mmetuma maswali ya Linux na gemu kuliko kitu kingine chochote, na mengi yanagusa jambo lilelile, yani ukifika kwenye logini ukakuta sehemu ya kuchagua Wayland au Xorg uchague ipi. Nimechukua matano. Naomba usome na majibu ya mwenzako hata kama swali lako halipo, maana mashine zetu hizi nyingi zinafanana, used za kutoka nje, na jibu linabadilika kufuatana na kadi iliyo ndani, sio nani kabishana vizuri zaidi.

SWALI: Mambo vipi fundi. Mi nasoma chuo, nakaa Sakina, nina HP EliteBook 840 G3 nimenunua used pale mjini, i5 ram 8, nikaweka Ubuntu 24.04 maana Windows ilikuwa nzito kinoma. Nacheza gemu za Steam. Sasa machalii wa geto wamegawanyika, mmoja anasema nichague Ubuntu on Xorg ndo gemu zitakimbia, mwingine anasema Xorg ishakufa nibaki Wayland, na mi mwenyewe hata sijui sahivi niko kwenye ipi. Halafu gemu ikiwa nzito kidogo inakwama kwama. Nifanyeje? — Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Poa mdogo wangu. Tuanze na kujua uko wapi. Fungua terminali uandike `echo $XDG_SESSION_TYPE` alafu enter, itakujibu neno moja tu, wayland au x11. Kama hujagusa kitu itasema wayland, Ubuntu 24.04 kwenye kadi za Intel inaingia huko yenyewe. Ukitaka kubadili toka mpaka kwenye logini, bonyeza jina lako, na kabla hujaandika paswedi angalia chini kulia kuna alama ya gia, hapo ndo pa kuchagulia.

Sasa hivi vitu ni nini. Gemu ikishachora fremu, yani picha moja kati ya nyingi zinazopita kwa sekunde, haiipeleki kwenye kioo yenyewe, kuna programu imekaa katikati inapokea fremu za gemu pamoja na madirisha mengine yote uliyofungua, inayapanga, inatuma kwenye kioo, na ukibonyeza kibodi au ukisogeza mausi taarifa inapita hapohapo kurudi kwa gemu. X ni ya zamani, ilianzia MIT mwaka 1984 na toleo la 11 ambalo ndo tunaliita X11 likatoka 1987, na Xorg ni seva inayoliendesha. Enzi hizo hakuna aliyekuwa anawaza kompozita, yani programu ya kuunganisha madirisha yote kuwa picha moja, wala kadi za kuchora gemu za leo, hivyo vikaja kubandikwa baadaye, kwa hiyo kwenye X seva iko kivyake na kompozita iko kivyake na fremu inapita kote kote, kama mzigo unaopitia kwa madalali wawili. Wayland aliianza Kristian Høgsberg mwaka 2008 na ikaunganisha hizo kazi, kompozita ndo seva yenyewe.

Tofauti utaiona kwa macho. Kwenye X ukizima kompozita, mchezaji akikatiza kioo haraka utaona mstari umekata picha kwa kulala, kiwiliwili kiko mbele na miguu imebaki nyuma kidogo, hiyo ni nusu ya fremu mpya na nusu ya fremu iliyopita zimeoneshwa kwa pamoja. Kwenye Wayland fremu haioneshwi mpaka ikamilike, labda gemu yenyewe iombe, na nitalisema hilo kwenye jibu la pili.

Lakini machalii wa geto wote wawili wanakosa kitu kimoja muhimu sana. Hata ukiwa Wayland, Steam yenyewe na gemu nyingi za Windows unazoendesha kwa Proton, ile programu ya Steam ya kuzifungua kwenye Linux, bado zinaongea X11, kuna kidaraja kinaitwa XWayland kinazipokea na kuzipitisha. Ndo maana ukipima fremu kwa MangoHud pande zote mbili kwenye kadi kama yako tofauti mara nyingi ni ndogo kiasi kwamba bila namba huwezi kuijua. Kwa hiyo baki Wayland, na usitegemee kwamba kurudi Xorg kutaponya kukwama kwama, kinachokukwamisha ni nguvu ya kadi.

Na hapo kuna vitu viwili vya kufanya. Kwanza fungua mfuniko wa chini uangalie RAM, hizi EliteBook used nyingi zinakuja na kipande kimoja cha 8 wakati nafasi ziko mbili, ukiongeza kipande cha pili kadi ya Intel inapumua maana haina memori yake, inakula RAM hiyohiyo, na vipande vikiwa viwili inavuta data kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Pili tumia gamescope, hii ni kompozita ndogo ya Wayland iliyotengenezwa na Valve, ndo inayoendesha upande wa gemu kwenye Steam Deck tangu ilipotoka 2022. Inaifungia gemu kwenye chumba chake, gemu inachora picha ndogo na gamescope inaikuza ijae kioo. Kwenye Steam bonyeza gemu kwa kulia, ingia propati, sehemu ya launch options weka hivi:

`gamescope -w 960 -h 540 -W 1920 -H 1080 -F fsr -f -- %command%`

Hapo gemu inachora 960 kwa 540 tu ambayo ni robo ya doti za kioo kizima, kazi ya kadi inapungua sana. Kama kioo chako ni kile cha 1366 kwa 768 badilisha hizo namba mbili za herufi kubwa. Na kama gamescope huipati kwenye Ubuntu yako weka Steam ya Flatpak, ina nyongeza yake ya gamescope kabisa.

Mwenye 840 G1 asifuate haya kichwa kichwa. Ile ni Intel ya kizazi cha 4, Vulkan yake, yani lugha ya gemu kuongea na kadi, haijakamilika na Proton za sasa zinaitaka Vulkan 1.3, kwa hiyo gemu inaweza isifunguke kabisa. Jaribu kuweka `PROTON_USE_WINED3D=1 %command%` ipite OpenGL ambayo ni lugha ya zamani zaidi, kwa gemu za zamani inatosha.

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina kibanda cha gemu za kompyuta hapa Majengo, Moshi. Mashine nne zina GTX 1050 Ti na mbili zina GT 710. Ile kubwa ina monita mbili, moja hezi 144 ya mteja na nyingine hezi 60 ninayowekea muda na malipo. Kijana wangu kaniwekea Linux Mint zote. Mashine kubwa mteja analalamika monita ya 144 haionekani kama 144, anasema nihamie Wayland. Kijana anasema Wayland na NVIDIA haviivi chungu kimoja. Nimsikilize nani? — Mwenye kibanda, Majengo, Moshi

JIBU: Njema mangi, hongera kwa kibanda. Wote wana haki ila wanazungumzia kadi tofauti na miaka tofauti.

Kijana wako anakumbuka vizuri. Kwa miaka mingi NVIDIA walishikilia njia yao wenyewe ya kupitisha picha inaitwa EGLStreams wakati wenzao wote wanatumia GBM, watengenezaji wa kompozita wakawa wanalazimika kuandika kazi mara mbili au kuikataa NVIDIA kabisa. GBM ikaingia kwenye draiva ya 495 mwaka 2021. Bado tatizo likabaki, gemu zilikuwa zinapepesa na fremu iliyopita inarudi tena mbele ya mpya, ukiwa unakimbia unaona kama umevutwa nyuma kidogo alafu unaendelea. Sababu yake ni kwamba kwenye AMD na Intel draiva ndani ya kerneli yenyewe inajua fremu fulani bado inachorwa kwa hiyo kompozita inasubiri, draiva ya NVIDIA haikuwa inafanya hivyo, kompozita ikawa inachukua fremu ambayo haijaisha. Mwaka 2024 ikapitishwa protokoli ya kuambizana waziwazi kwamba fremu hii imekamilika ndo uichukue, draiva ya 555 ikaileta, XWayland 24.1 ikaileta, na Plasma 6.1, yani dekstopu ya KDE, ikaileta. Hivyo vitatu vikiwepo kwa pamoja kupepesa kunaisha. Kimoja kikikosekana utarudi kumlaumu Wayland bure.

Kwa hiyo zile GTX 1050 Ti zinaweza kuhama. Ila Mint sio mahali pa kuhamia, dekstopu yake ya Cinnamon inaendeshwa na X11 na Wayland yake iliingizwa kwenye Mint 21.3 kama jaribio tu, ukiichagua utapata kero utafikiri Wayland yote iko hivyo. Mashine kubwa iwekee distro yenye Plasma 6.1 kwenda juu, Fedora ya KDE kwa mfano. Alafu sikiliza hili vizuri kwa sababu linagusa biashara: 1050 Ti ni ya familia ya Pascal na draiva ya 580 ndo ya mwisho kuihudumia, ukiruhusu apdeti ikurukishe kwenda 590 mashine inawaka bila picha na wateja wako kwenye benchi. Hakikisha kijana anaifunga kwenye 580.

Sasa hizo monita mbili. X inaziona kama kioo kimoja kikubwa kilichounganishwa, kwa hiyo kompozita yake mara nyingi inafuata mwendo wa monita moja, na ikifuata ile ya hezi 60 basi mteja wako kwenye 144 anapata 60 hata kama maandishi ya setingi yanasema 144. Wayland kila monita inaenda mwendo wake. Kwa hiyo kwenye mashine hii mteja kakwambia kweli kabisa, hapa ndo mahali ambapo X haina jibu zuri. Kwa leo leo ukitaka kuthibitisha kabla hujabadilisha chochote chomoa ile ya hezi 60, washa upya, mwite mteja yuleyule acheze.

Wale wa Counter-Strike 2 watakuja na lao, kwamba mausi inachelewa. Hao wanataka fremu itoke muda huohuo hata kama picha inakatika, na zamani Wayland ilikuwa hairuhusu. Tangu 2022 kuna protokoli ya gemu kuomba hivyo, na kwenye Plasma 6 kuna setingi kwenye upande wa disple ya kuruhusu picha ikatike gemu ikiwa fulu skrini. Iache imewashwa, anayetaka VSync ataiwasha ndani ya gemu.

GT 710 mbili ziache Mint na X11, usizihamishe. Nyingi ni familia ya Kepler, draiva yake ni 470 ambayo imeishia EGLStreams, haina hata hiyo GBM, na Vulkan yake inaishia 1.2, kwa hiyo hata Proton usichukue ya 8 kwenda juu, baki na 7. Mi ningezipangia watoto na gemu za zamani, hela ya kununua kadi nyingine ikipatikana tafuta AMD used maana draiva yake iko ndani ya Linux yenyewe na huu mlolongo wote wa 470 sijui 580 unakuwa haukuhusu.

Na jambo moja ambalo hukuuliza ila wewe unahudumia wateja wengi. Kwenye X11 programu yoyote iliyofunguliwa inaweza kusoma kila kitufe kinachobonyezwa kwenye programu nyingine, haihitaji ruhusa, imeumbwa hivyo. Dogo akishusha modi ya ajabu ajabu akaiacha inaendeshwa nyuma, mteja anayefuata akiandika paswedi ya imeili yake inasomwa. Kwenye Wayland madirisha hayachunguliani hivyo. Zile zinazopita XWayland bado zinaonana zenyewe kwa zenyewe, Steam ikiwemo, lakini Firefox tangu toleo la 121 inaenda Wayland moja kwa moja kwa hiyo angalau imeili na benki ya mteja viko salama zaidi. Kwenye zile za X11 lazima kila mteja awe anaingia na akaunti ya mgeni inayofutika akitoka.

SWALI: Oya fundi, Wayland au Xorg, ipi itanifungulia FC 25 na Valorant? Nina Radeon. — Usa River

JIBU: Hakuna. Hizo zina programu za kuzuia wizi wa mchezo ambazo zinaikataa Linux yenyewe, EA wana yao na Valorant ina Vanguard, na Fortnite ni hivyohivyo. Seva ya disple haihusiki hata kidogo, usipoteze bando kujaribu. Ukitaka hizo acha Windows kwenye patisheni yake. Dota 2 na Counter-Strike 2 zina toleo la Linux kabisa, na kwa Radeon yako chagua Wayland bila kusita.

SWALI: Kaka fundi shikamoo. Mimi ni dada niko Njiro, nastrimu gemu jioni. Nilikuwa Plasma ya X11, nimehamia Plasma 6 ikanipeleka Wayland, sasa OBS inaonesha nyeusi tupu, na Discord kile kitufe cha kubonyeza ndo uongee hakifanyi kazi nikiwa ndani ya gemu, mpaka nitoke. Natamani kurudi X11 ila monita yangu mpya ina HDR na nimeambiwa X11 haina. — Mstrimu wa Njiro

JIBU: Marahaba dada yangu. Ulichoambiwa ni kweli, Xorg haina HDR, yani ile picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, na hakuna anayeiandaa, kwa hiyo usirudi, haya mawili yanatengenezeka.

Nyeusi ya OBS inatoka kwenye zile sini zako za zamani. Chanzo ulichotumia ni cha XSHM ambacho kinachungulia kioo cha X, na Wayland hairuhusu kuchungulia. Futa hicho chanzo, ongeza kipya chenye jina la PipeWire, kitafunguka kidirisha cha mfumo kinakuuliza unataka kuonesha kioo kizima au dirisha gani, chagua gemu. OBS inaweza hili tangu toleo la 27 la mwaka 2021. Mi kwa mstrimu nakushauri uchague dirisha, usichague kioo kizima, ili meseji za watu zisitokee kwenye strimu.

La Discord sababu ni ileile niliyomweleza mangi wa Majengo, programu ya nyuma hairuhusiwi kusikia vitufe unavyobonyeza kwenye programu ya mbele. KDE wameacha mlango. Ingia System Settings, tafuta Legacy X11 App Support, utakuta ngazi kadhaa za kuruhusu programu za X11 zisikie kibodi. Usiende moja kwa moja kwenye ile ya kuruhusu vyote. Anza na ile inayoruhusu vitufe visivyo herufi, alafu ndani ya Discord kitufe chako cha kuongea kiwe Ctrl ya kulia au F ya namba yoyote. Hivyo Discord inasikia kitufe chako cha kuongea lakini haisomi unachoandika.

SWALI: Kijana, mimi ni mtu mzima, nipo Rau. Nimetumia Linux tangu enzi za kupakia kwa CD na X haijaniangusha. Natumia Xfce, nacheza 0 A.D. na mjukuu wangu tunashindana SuperTuxKart. Kila ninaposoma naambiwa X inauawa. Kwa nini kitu kinachofanya kazi kiuawe, na mimi niende wapi? — Babu wa Rau, Moshi

JIBU: Shikamoo mzee. Nashukuru sana kwa swali hili kwa sababu ni la haki na vijana wengi wanalijibu kwa dharau.

Wanaoiacha X sio watu waliokuja kuipora. Høgsberg mwenyewe alikuwa anafanya kazi ndani ya X, na wengi walioijenga Wayland ni walewale waliokuwa wanaitunza Xorg kwa mikono yao, walichoka kuongeza kiraka juu ya kiraka kwenye kitu ambacho misingi yake huwezi kuigusa bila kuvunja programu za watu. Monita za mwendo tofauti, HDR, hilo la kusoma vitufe, yote yamefungwa kwenye msingi wa 1987. Walijaribu na wengine njia yao, Canonical, wenye Ubuntu, walitangaza seva yao ya Mir mwaka 2013 wakaiacha kwenye dekstopu 2017, na mwaka 2025 likatokea tawi linaitwa XLibre la kuendeleza Xorg. Mi naheshimu anayelitunza ila nisingeweka mashine ya mjukuu juu yake kwa sasa.

Kwamba inauawa, kwenye baadhi ya nyumba ndio. Red Hat waliiondoa seva ya Xorg kwenye RHEL 10, Linux yao ya makampuni, mwaka 2025, Ubuntu 25.10 haina tena ile sehemu ya kuchagua Xorg, na KDE wametangaza Plasma 6.8 haitakuwa nayo. Lakini XWayland inabaki kotekote kwa hiyo programu zako za X hazifi, kinachoondoka ni seva iliyokuwa inashika kioo.

Na wewe mzee huna haja ya kwenda popote leo. Xfce bado ni ya X, Mint ya Xfce inapata matengenezo kama kawaida, na gemu zako mbili zote zinaendeshwa X na Wayland bila kujali. Ukiona SuperTuxKart inakatika picha kwenye kona fungua setingi za Xfce, Window Manager Tweaks, sehemu ya Compositor, hakikisha imewashwa, na ondoa tiki kwenye ile ya kuonesha madirisha ya fulu skrini moja kwa moja bila kompozita. Mjukuu akianza kudai gemu za Steam na monita kubwa, mashine yake yeye ndo iwe ya Wayland, na kadi yake iwe AMD au Intel.